Milima ya Mahé kwa gari na kwa miguu: mwongozo wa mtu wa Dar

Dereva wa Dar ana ujuzi mwingi ambao kisiwani Mahé hautamsaidia. Anajua kukaa kwenye foleni ya Ubungo bila kukwaruzwa, anajua kutanua, anajua daladala itasimama wapi kabla konda hajagonga bodi. Mlima ndio asioujua. Jiji letu limelala, na ukitaka kupanda kitu cha maana inabidi uende Goba au Makongo Juu, au utoke kabisa uelekee Pugu na Kisarawe. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kina urefu wa kilometa 27 hivi na upana wa kilometa 8 tu, na katikati yake kuna Morne Seychellois, mlima wa mita 905. Barabara zinazovuka kutoka pwani moja kwenda nyingine hazina nafasi ya kupanda kwa upole. Zinapanda ghafla, zinajikunja, halafu zinaporomoka.

Wengi huogopa kupanda, na hapo wanakosea cha kuogopa. Ukipanda, gari likishindwa litasimama, na miguu ikichoka utakaa. Breki hufeli wakati wa kushuka, na magoti huumia wakati wa kushuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kushuka.

Kabla ya safari

Tafuta Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, uende kwenye kilima chochote chenye lami. Jizoeze kwanza kuondoka kilimani bila gari kurudi nyuma hata shubiri moja. Kisha jifunze matairi yako ya kushoto yako wapi. Sisi hukaa upande wa kulia wa gari, kwa hiyo ukingo wa kushoto wa barabara tunaukisia tu, na Mahé ukingo huo mara nyingi ni mtaro wa zege ulio wazi, wenye kina cha kutosha kumeza tairi zima. Kwenye eneo tupu laza chupa tatu za maji kwenye mstari mmoja, hatua tano kutoka moja hadi nyingine, upite polepole ukiziacha kushoto kwako kwa shubiri moja. Ukizikanyaga, rudia. Ukiziacha kwa mita nzima, rudia pia, maana huko mita hiyo utakuwa umeimega upande wa anayekuja.

Shelisheli wanaendesha kushoto kama sisi, na Mauritius vilevile. Komoro na Réunion ni kulia. Ukienda huko, ya milima ni yaleyale ila kona na mitaro yote unaigeuza kichwani.

Gari la kukodi

Magari mengi ya kukodi ni madogo, injini ya lita 1.0 au 1.2. Mkiwa wawili linatosha. Mkiwa watu wazima wanne na mabegi, omba la lita 1.5 au mabegi yaende na teksi. Kama miaka mingi umeendesha auto tu, chukua auto. Mlimani si mahali pa kukumbushana klachi.

Kabla ya kusaini, fungua boneti uone mafuta ya breki yako kati ya MIN na MAX. Angalia matairi: mifereji iwe na kina cha milimita 3 au zaidi. Kikomo kinachokubalika sehemu nyingi ni milimita 1.6, lakini kwenye lami yenye maji hicho ni kipara tu. Kisha omba mteremko mdogo, vuta breki ya mkono, weka N, achia pedali. Gari likisogea, rudisha ufunguo uombe lingine, bila kuona haya. Mwisho tazama wenzo wa gia una nini chini ya D. Patakuwa na 2 na L, au S, au B, au alama za kujumlisha na kutoa, zote za kulibakiza gari kwenye gia ndogo. Herufi hizo Dar zinaota vumbi. Mahé utaishi nazo.

Kupanda

Kosa moja tu linatosha kukuaibisha: kufika chini ya mlima ukiwa polepole mno kwenye gia kubwa. Anza kukanyaga mafuta kabla mwinuko haujaanza. Auto ikianza kubabaika, mara inapandisha gia, mara inashusha, iweke kwenye 2 au S ibaki hapo. Injini ndogo ikiwa na abiria wengi, zima AC mpaka mfike juu, maana kompresa inakula nguvu unayoihitaji.

Ukisimamishwa katikati ya mlima, usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Kwenye gia za mkono unachoma klachi, na harufu yake kali utaisikia ndani ya dakika moja. Kwenye auto unachemsha mafuta ya gia. Tumia breki ya mkono: ivute, weka gia namba 1, inua klachi mpaka pua ya gari iinuke kidogo na sauti ya injini ibadilike, ongeza mafuta kiasi, ndipo uachie breki ya mkono. Kwenye auto ni rahisi zaidi: breki ya mkono juu, D, kanyaga mpaka uhisi gari linataka kwenda, achia. Wa nyuma akipiga honi, mwache apige.

Kushuka

Gari la kilo 1,200 pamoja na abiria wake, likishuka mita 400, linalazimika kumwaga joto linalotosha kuchemsha lita 15 za maji. Ukishuka kwenye D huku mguu umelala kwenye breki, karibu joto hilo lote linaingia kwenye diski, brekipadi na mafuta ya breki. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishalowa. Yakichemka yanatoa mapovu. Mafuta hayabonyei, mapovu yanabonyea, na hapo pedali inazama hadi sakafuni bila gari kujali. Ndiyo sababu mafundi makini hubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka 2 hata kama kikombe kimejaa.

Dawa ni kuipa injini kazi ya kushika gari. Madereva wa malori wanaoshuka Kitonga wanaijua kanuni: mteremko unashukwa kwa gia ambayo ungeupandia. Weka 2, L au B kabla ya kuanza kushuka, ukiwa kwenye kilometa 30 kwa saa au chini. Ukishachanganya mwendo ndipo ukumbuke gia, umechelewa. Injini itanguruma, mshale utapanda hadi mizunguko 3,000 au 4,000. Mradi hauingii kwenye nyekundu, hakuna kinachoharibika, na kwa kuwa hujakanyaga mafuta, petroli inayotumika ni kama hakuna.

Breki ya mguu bado utaihitaji, ila iguse kwa namna hii: gari likifika kilometa 40, kanyaga kwa uhakika lirudi 25 au 30, kisha ondoa mguu kabisa. Acha pedali ipumue. Kukanyaga kidogo kwa muda mrefu ndiko kunakopika breki.

Kuweka frii kwenye mteremko ili kuokoa mafuta ni mazoea mabaya tuliyoyarithi kwa madereva wa zamani. Petroli hauokoi, na injini haishiki tena. Kuzima gari ni kubaya kuliko hapo: usukani unakuwa mzito kama jiwe, na baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kwa sababu nguvu ya kuisaidia imeisha.

Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imelainika, teremsha gia moja zaidi, pampu pedali haraka haraka, vuta breki ya mkono taratibu huku kidole kikibonyeza kitufe ili uweze kuiachia matairi yakitaka kuserereka, uingie sehemu ya kwanza yenye nafasi. Kama nafasi haipo, bora kulikwaruza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima kuliko kuliachia bondeni. Ukishasimama, weka jiwe mbele ya tairi, weka P, na breki ya mkono usiivute kama magurudumu ya nyuma yanawaka joto. Ngoja nusu saa. Usimwage maji, diski itapinda au kupasuka.

Kona, mitaro na mabasi

Barabara ya Sans Souci, kutoka mji mkuu Victoria kwenda Port Glaud kupitia hifadhi ya Morne Seychellois, ndiyo yenye kona nyingi zilizojikunja. Siku ya kwanza vuka kwa La Misère, inayotelemkia Grand Anse, uzoee. Popote uendapo, punguza mwendo kabla ya kona, piga honi fupi, shusha kioo kidogo ili umsikie anayekujibu, na washa taa hata mchana kwa sababu juu huko wingu hukaa barabarani.

Basi la abiria kwenye kona kali linahitaji barabara nzima. Ukiliona au ukilisikia, simama kabla ya kona, wala usiingie ukidhani mtapishana ndani. Sehemu nyembamba, anayeshuka humpisha anayepanda. Lakini basi likishuka na wewe una upenyo nyuma yako, mpishe tu. Na kutanua sahau. Pembeni hakuna udongo wa kukimbilia, kuna mtaro, au hakuna kitu kabisa mpaka miti ya chini.

Mvua nyingi huja na kaskazi, Desemba hadi Februari hasa. Wakati wa kusi, kuanzia Mei, huwa pakavu zaidi. Mvua inapoanza baada ya siku kadhaa za jua, dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi mbaya, kwa kuwa vumbi, mafuta na majani yaliyooza vinachanganyika bila kuoshwa.

Kuegesha kuna utaratibu ambao Dar hakuna anayeufuata. Kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia pedali ili gari litulie kwenye breki ya mkono, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote unaangukia kijino kidogo cha chuma ndani ya gia. Wakati wa kuondoka wenzo utagoma, halafu utatoka kwa mshindo. Geuza matairi ili gari likitoroka ligonge ukingo au ukuta. Kama upande wa karibu ni mtaro au bonde, tafuta pengine. Ukiweka jiwe nyuma ya tairi, liondoe barabarani unapoondoka.

Kwa miguu

Njia zinazojulikana huanzia kwenye barabara hiyohiyo ya Sans Souci au karibu yake. Copolia ni fupi, kilometa 1.4 hivi kwenda, na inaishia kwenye mwamba mpana wa granaiti. Morne Blanc ina mita 667, na inapanda bila kupumzisha mtu. Trois Frères, mita 699, iko juu ya Victoria yenyewe.

Kukadiria muda, hesabu saa 1 kwa kila kilometa 5 na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, kisha zidisha mara 2 kwa ajili ya joto, mizizi na mawe. Njia ya kilometa 1.5 inayopanda mita 250 itakula karibu saa 1 na nusu kwenda. Beba lita 1.5 za maji kwa kila mtu, pamoja na pakiti ya ORS ya duka la dawa ya kuchanganya na lita 1. Anza saa 1 asubuhi. Saa za huko ziko mbele ya Dar kwa saa 1, lakini jua nalo huzama mapema, saa 12 na nusu jioni hivi mwaka mzima, na msituni giza hutangulia.

Panda kwa hatua fupi, nyayo nzima chini, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi kamili. Ukianza kuongea neno moja moja, umezidisha. Mwenzako akipata kizunguzungu au kichefuchefu, mkalishe kivulini, mloweshe shingo na kichwa, anywe kidogo kidogo. Siku hiyo safari imeishia hapo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, tafuteni msaada wa daktari mara moja.

Kabla ya kushuka, kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Kucha uwe umezikata jana yake. Kunja magoti kidogo, egemea mbele kidogo, usirudishe mwili nyuma: anayeegemea nyuma ndiye anayeteleza na kukalia mkia. Granaiti kavu inashika vizuri sana. Granaiti mbichi yenye ukijani inateleza kuliko sabuni, na majani makavu ya mdalasini, mti uliojaa msitu ule, huficha mizizi chini yake. Pale penye mwinuko mkali geuka ushuke kinyumenyume, mikono ikishika mti mzima, si tawi kavu. Kabla ya kushika, tazama. Nyoka wa hatari hawapo visiwani humo, na buibui wakubwa wanaotanda utando kati ya miti hawadhuru mtu, lakini tandu wapo, na wanauma vibaya.

Barabarani kusiko na njia ya miguu, tembea kulia ukiwatazama wanaokuja. Kwenye kona inayokunja kulia, vuka kabla hujaifikia upite upande wa nje unakoonekana, kisha urudi.

Kwenye kisiwa cha La Digue, ambako wageni wengi hukodi baiskeli, kilima cha kwenda Grand Anse ya hukohuko ndicho kinachowaangusha. Jaribu breki zote mbili dukani kabla ya kulipa, na ukifika kileleni ukaona mchanga juu ya zege, shuka uisukume.