Kumfuatilia kichanga nyumbani, kijiji kikiwa mbali na zahanati

Vichanga wengi wanaofariki hufariki ndani ya wiki ya kwanza, na siku ya kuzaliwa ndiyo ya hatari kuliko zote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayebisha hodi siku ya kumi amekuta mambo yameshaamuliwa. Pita ndani ya saa 24, kisha siku ya tatu na ya saba. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 muongezee siku ya pili na ya kumi na nne. Aliye chini ya kilo 2 apelekwe kituoni.

Habari za kujifungua hazikufuati. Mimba ikifika miezi minane, kubaliana na familia nani atakupigia simu, hata usiku. Hapohapo ulizia usafiri: kuanzia Desemba hadi Aprili makorongo ya Bahi na Chamwino, wilaya za mkoa wa Dodoma, hujaa, na njia ya kiangazi haipitiki.

Ukifika, nawa kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi, kausha mikono kwa hewa, usijifute kwa kanga. Usikimbilie kumshika mtoto. Kwanza hesabu pumzi akiwa ametulia, maana akilia au akinyonya hesabu inaharibika. Pandisha nguo, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili ni kosa: kichanga hupumua harakaharaka, akasita kidogo, akaendelea. Ukipata 60 au zaidi, rudia. Ikibaki hivyo, ni rufaa, yaani apelekwe kituoni. Kifua kikibonyea sana ndani kila anapovuta hewa, nayo ni rufaa.

Sasa pima joto kwapani. La kawaida ni 36.5 hadi 37.4. Huna kipimajoto? Gusa tumbo, kisha nyayo kwa mgongo wa mkono. Tumbo lenye joto na nyayo baridi maana yake ameanza kupoa. Vyote viwili vikiwa baridi, hali ni mbaya. Watu hudhani Dodoma ni joto tu, lakini usiku wa Juni na Julai upepo unapenya hadi ndani ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na mtoto aliyelowa hupoa kwa dakika chache. Ndiyo maana hukaushwa mara tu anapozaliwa, na kuogeshwa kunasubiri saa 24. Bibi akishikilia aogeshwe leo, usibishane naye mbele ya watu. Mpe kazi ya kumvika mjukuu kofia na soksi.

Kunyonya kuanze ndani ya saa moja. Maziwa ya mwanzo ya njano yasikamuliwe na kumwagwa, na maji ya sukari hayahitajiki. Kaa umwone akinyonya: mdomo wazi, kidevu kimegusa titi, unasikia akimeza. Kuambiwa "ananyonya vizuri" hakutoshi.

Kitovu kiachwe kikavu, nje ya nepi. Majivu, mavi ya ng'ombe na mate huingiza vijidudu, pepopunda ikiwemo. Zahanati ikitoa dawa ya kloreksidini ya kitovu, fuata maelekezo yake, isikaribie macho.

Dalili nyingine za rufaa ya leo, si kesho: hanyonyi, degedege, amelegea hajitikisi mpaka aguswe, joto 37.5 au zaidi, joto chini ya 35.5, ngozi kuwa ya manjano siku ya kwanza au kwenye viganja na nyayo siku yoyote, kitovu chenye usaha au wekundu uliosambaa kwenye ngozi.

Piga 115, namba ya bure ya m-mama, kwa usafiri wa dharura wa mama na kichanga. Hapa ndipo rufaa nyingi huharibika: mtoto anafungwa mgongoni, anapandishwa bodaboda, upepo unampiga njia nzima, anafika wa baridi kuliko alivyotoka. Mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa pembeni ili pua isizibwe. Mfunge kwa kanga hadi usawa wa masikio, kisha kitenge juu. Aendelee kunyonya njiani. Akishindwa kunyonya lakini anameza, mama akamue, ampe kwa kikombe: wa kilo 2, siku ya kwanza, takriban mililita 15 kila saa tatu. Mwenye degedege au asiyeamka usimpe kitu mdomoni.

Andika kwenye karatasi saa aliyozaliwa, pumzi, joto na saa uliyompima, umpe mama. Kisha mpigie muuguzi ajue wanakuja, na siku watakayorudi upite tena kabla jua halijazama.