Kuchagua redio za maikrowevu zenye leseni: kutoka kupima njia hadi kulenga madishi, Arusha na Moshi

Linki yako (kiungo cha redio kati ya minara miwili) ya GHz 5 kutoka mnara wa Sakina inashuka kila jioni, na angani hakuna hata wingu moja? Usibadilishe redio. Tatizo ni majirani: kila mtoa huduma mdogo na kila hoteli imepandisha antena kwenye masafa yaleyale ya bure. Linki inayobeba wateja mia mbili haifai kukaa huko. Inahitaji chaneli yake, yenye leseni.

Mpangilio wa kazi ni huu: njia kwanza, halafu mvua, halafu masafa, halafu dishi. Redio inakuja mwisho. Wengi huanza na redio kwa sababu muuzaji ametoa bei nzuri, kisha hulazimisha njia ifuate redio. Hapo ndipo pesa hupotea.

Hatua ya 1: Pima njia kwa macho na kwa hesabu

Chukua viwianishi vya minara yote miwili kwa GPS, uvipime ukiwa chini ya mnara wenyewe. Kosa la mita 100 kwenye ramani linatosha kuficha kilima. Chora mkato wa ardhi kwenye Google Earth au programu ya mtengenezaji wa redio, lakini kumbuka kwamba data nyingi za mwinuko zimetokana na safari ya chombo cha anga cha Februari 2000. Mikaratusi iliyopandwa baada ya hapo haimo, wala ghorofa la jirani.

Tuchukue mfano wa linki ya kilomita 15, tuseme kutoka Njiro kuelekea Usa River. Katikati ya njia, mviringo wa dunia unakula mita 3.3. Ukanda wa Fresnel, yaani nafasi inayouzunguka mstari wa kuonana ambayo mawimbi huihitaji, una nusu kipenyo cha mita 7.9 kwa GHz 18 na mita 10.1 kwa GHz 11, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Kwa hiyo kwa GHz 18, mstari upite mita 8 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho katikati. Kisha ongeza mita 5 za ukuaji. Mkaratusi mchanga huongezeka mita mbili au zaidi kwa mwaka, na mwenye shamba hana sababu ya kukuuliza ruhusa.

Upande wa Moshi shida ni nyingine. Kutoka mjini kupanda Kibosho au Machame, vihamba vimejaa migrevilea mirefu juu ya migomba na kahawa, na makorongo yanakata ardhi kiasi kwamba mita 200 kulia au kushoto hubadilisha kila kitu. Panda mnara na darubini asubuhi kabla mawingu hayajashuka mlimani. Usipoona upande wa pili, mwenzako aliye kule aakise jua kwa kioo.

Tambarare ya chini, kuelekea Mabogini na Chekereni, ina mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Maji yakijaa, shamba linakuwa kioo: mawimbi yanaruka, yanafika kwa kuchelewa na kufuta yale yaliyokuja moja kwa moja. Linki inaweza kufanya kazi miezi mitatu vizuri, kisha ikaanza kutetereka pasipo mvua. Badilisha urefu wa antena upande mmoja ili nukta ya mruko iangukie kwenye miti au nyumba, au funga madishi mawili kwa urefu tofauti kila upande.

Ukihitaji mnara mrefu karibu na uwanja wa ndege wa KIA, anza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kumwaga zege.

Hatua ya 2: Chagua bendi kwa kuiuliza mvua

Kadiri masafa yanavyopanda, dishi linakuwa dogo na chaneli zinakuwa pana, lakini mvua inauma zaidi. Chukua kiwango cha mvua cha eneo lako kutoka ramani za mvua za ITU-R P.837 (ITU ni shirika la kimataifa la mawasiliano), kile kinachozidiwa kwa asilimia 0.01 ya mwaka, yaani kama dakika 53. Hapa tunatumia milimita 60 kwa saa kama mfano. Mawimbi yakiwa yamesimama wima, kila kilomita ya mvua hiyo hula takriban (dB, yaani desibeli, hupima mawimbi yanavyopungua au kuongezeka):

- GHz 7: dB 0.6
- GHz 11: dB 2
- GHz 18: dB 4.7
- GHz 23: dB 6.6
- GHz 80: zaidi ya dB 20

Mawimbi ya mlalo huumia zaidi, kwa sababu tone kubwa la mvua hutandazika likianguka. Kwa GHz 18 tofauti inapita dB 1 kwa kila kilomita. Omba wima kwanza.

Mvua kubwa haimwagiki njia nzima kwa wakati mmoja. Kwa kilomita 15 na kiwango hicho, njia ya kuhesabia inashuka hadi kama kilomita 7. Kwa hiyo weka akiba ya dB 33 kwa GHz 18, au dB 14 kwa GHz 11.

Kwa kifupi: GHz 80 ni ya ndani ya mji, kilomita moja au mbili. GHz 23 isizidi kilomita 6 au 7. GHz 18 hadi kumi hivi. Kuanzia hapo hadi thelathini tafuta GHz 11, na linki ndefu kama Arusha hadi Moshi ipelekwe GHz 7 au 8, tena kwa kituo cha kati.

Hatua ya 3: Hesabu mawimbi yatakayofika

Upotevu wa anga ni 92.45 + 20 log ya kilomita + 20 log ya GHz. Kwa kilomita 15 unapata dB 141 kwa GHz 18, na dB 137 kwa GHz 11.

Weka GHz 18, chaneli ya MHz 56, nguvu ya dBm 18 (dBm hupima nguvu ya mawimbi), madishi ya mita 0.6 yenye dBi 38.5 kila moja (dBi hupima dishi linavyokuza), na dB 1 ya viungio. Yanayofika ni dBm −47. Kwenye jua redio inakaa 1024QAM na kutoa takriban Mbps 450. Namba ya QAM ikiwa kubwa, data nyingi zaidi hupakiwa, lakini mawimbi lazima yafike na nguvu zaidi. Masika yakipiga unashuka hadi dBm −80, unaning'inia kwenye QPSK, upakiaji wa polepole, na Mbps 80. Wateja hawataiita hiyo linki.

Badilisha madishi yawe ya mita 1.2. Kila moja linaongeza dB 6, unapata −35 kwenye jua na −68 kwenye mvua: 64QAM, karibu Mbps 270. Redio ni ileile. Kilichobadilika ni chuma. Ndiyo maana fungu la dishi lisikatwe ili kununua redio ya gharama. Lakini dishi la mita 1.2 lina eneo mara nne la lile la 0.6, na upepo unalisukuma kwa kiasi hicho. Mnara wa bomba wa waya tatu huenda ukapinda, na mnara ukipinda nusu digrii dishi hilo limepoteza shabaha.

Sasa jaribu GHz 11 na madishi ya 0.6, dBi 34 kila moja, nguvu dBm 22. Unapata −48 kwenye jua na kama −62 kwenye mvua, ukibaki 256QAM. Bendi hii mara nyingi hukatwa kwa chaneli za MHz 40, hivyo unapata kama Mbps 320 kwenye jua na 250 kwenye mvua. Kwa kilomita 15 za ukanda huu, GHz 11 ndiyo jibu, hata kama namba ya jua inaonekana ndogo kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Masafa kabla ya manunuzi

Peleka maombi TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayogawa masafa. Kanda ya kaskazini ina ofisi Arusha. Andaa viwianishi, mwinuko wa ardhi, urefu wa antena, mwelekeo kwa digrii, ukubwa wa dishi, nguvu, upana wa chaneli, mkao wa mawimbi na modeli ya redio. Hakikisha modeli hiyo imeshaidhinishwa nchini, la sivyo mzigo utakwama.

Usilipie redio kabla ya kupewa chaneli. Redio ya maikrowevu si kama ile ya GHz 5 unayobadilisha masafa kwa kubofya. Ndani yake kuna kichujio kilichokatwa kiwandani kwa sehemu ndogo ya bendi, na kila jozi ina upande wa H unaotuma kwenye masafa ya juu na upande wa L unaotuma kwenye ya chini. Ukinunua sehemu ya A kisha ukapewa chaneli ya sehemu ya C, una masanduku mawili mazuri ya kushikilia mlango.

Kwenye mnara wa kati unaotoa linki nne za GHz 18, redio zote nne ziwe upande mmoja, zote H au zote L. Ukichanganya, moja inatangaza palepale mwenzake anaposikiliza, na hakuna kichujio kitakachokuokoa.

Hatua ya 5: Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kasi iliyoandikwa ni ya pakiti zipi? Vipeperushi vingi huhesabu pakiti ndogo na kubana vichwa vyake. Uliza ya pakiti za baiti 1518.

Bei hiyo inafungua kasi ngapi? Redio nyingi huja na ufunguo wa Mbps 100 au 200. Kupanda juu ya hapo, redio kubadilisha modulesheni (kiwango cha QAM) yenyewe kwenye mvua, na kutumia wima na mlalo kwa pamoja ni funguo za kulipiwa kando. Ziandikwe kwenye ankara kwa majina.

Redio nzima iko juu, au ina kitengo cha ndani? Ya juu yote hupanda na kebo ya nyuzi ya mwanga na waya wa umeme, haihitaji chumba. Ya vipande viwili hukuachia sehemu kubwa ya kubadilisha chini, bila kumwita mpanda mnara usiku. Kwa mnara wa mlimani usiofikika masika, ya pili ina hoja nzito.

Spea: H moja na L moja kwa kila sehemu ya bendi unayotumia. Kwa hiyo omba linki zako zikae sehemu moja kadiri TCRA inavyoruhusu.

Hatua ya 6: Umeme na ethi

Redio mbili za W 45 na swichi ya W 20 ni W 110. Kwa saa 24 bila TANESCO ni Wh 2,640, sawa na Ah 55 kwa volti 48. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo funga nne za volti 12, Ah 110 au zaidi, kwa mfululizo. Mifumo ya simu huweka chanya kwenye ethi. Sola nyingi za nyumbani huweka hasi. Ukiziunganisha bila kigeuzi kilichotenganishwa, utaunguza fyuzi ukibahatika, redio usipobahatika.

Ethi iwe chini ya ohm 10, ipimwe kiangazi wakati udongo umekauka. Kebo ya shaba ifungwe ethi juu, chini, na kabla ya kuingia chumbani.

Hatua ya 7: Kulenga

Kokotoa mwinamo mapema. Kutoka Moshi kupanda tofauti ya mita 500 kwa kilomita 9, dishi linainuka digrii 3.2, wakati mwali mzima wa dishi la 0.6 kwa GHz 18 ni kama digrii 1.9. Ukiliacha mlalo hutapata kitu.

Funga mita kwenye kituo cha kupimia cha redio, zungusha upande mmoja tu kwa wakati, na upite kilele hadi upande wa pili kabla ya kurudi. Ukipata pungufu ya dB 20 kutoka kwenye hesabu, umekamata mwali wa pembeni: endelea kuzungusha. Kaza boliti ukiwa ndani ya dB 2 au 3 za hesabu, kisha soma tena, maana kukaza kwenyewe husogeza.

Andika kipimo hicho, saa na hali ya hewa, na uweke kinasa cha kila dakika tano. Kupungua dB 1 kila mwezi ni mti unaokua. Kupungua dB 6 usiku mmoja ni upepo uliosogeza dishi. Kikishuka kila baada ya mvua na kurudi mchana jua likiwaka, maji yameingia kwenye kiungio: panda na mkanda mpya wa mpira.