Kukata kona na ndege ya vita kwenye simuleta: someni ndipo muulize

Bandugu, wiki hii nimeulizwa mara nne: "Mbona adui anageuka na kunitokea mgongoni?" Naandika hapa, sirudii.

1. Ruka kutoka Goma, panda hadi mita 4,000 juu ya usawa wa bahari.

2. Laza bawa kwanza, ndipo uvute fimbo ya kuongozea. Ukilala nyuzi 60 bila kupoteza kimo, ndege inabeba uzito wake mara 2.

3. Kasi. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kwa muda mrefu niliingia konani na gazi lote, nikidhani mwenye mbio ndiye anayegeuka upesi. Siku moja nilipinda kuelekea kaskazini, kona ikapanuka, ikapanuka, nikajibamiza ubavuni mwa mlima Nyiragongo. Hesabu yake: kwa mlalo uleule, kasi ikiongezeka mara 2, duara linapanuka mara 4. Kwa nyuzi 60 na mita 100 kwa sekunde, nusu-kipenyo ni mita kama 590, na unageuka nyuma kwa sekunde 18 na kidogo. Kwa mita 200, ni mita 2,350 na sekunde 37.

Angalieni: msipunguze ovyo! Ukivuta G 4 (yaani ndege inabeba uzito wake mara 4), kasi ya chini inayoliwezesha bawa kubeba inakuwa mara 2 ya kawaida. Chini ya hapo bawa linaachia, pua inaanguka. Tafuta kasi ndogo kabisa inayokuruhusu kufikia G ya juu ya ndege yako. Kwa F-16 ni 9.

4. Kasi imezidi? Panda huku unageuka. Imepungua? Shusha pua.

Maswali

— Navuta fimbo mpaka mwisho, haigeuki. Simuleta ni mbovu?
— Si mbovu. Hatua ya 3.

— Nimeisoma.
— Kasi ilikuwa ngapi? Kama hukuangalia, hukusoma.

— Yaya, samahani. Mshale wa kasi uko palepale, mbona juu ya bahari duara langu ni dogo kuliko huku kwetu?
— Sasa hilo ni swali, mdogo wangu. Mshale unapima msukumo wa hewa, si mwendo wenyewe. Goma tuko mita kama 1,500, hewa ni nyepesi. Kwa mshale uleule unakwenda mbio zaidi, na duara linakua kama asilimia 16. Kwenye mita 4,000 linafika karibu mara moja na nusu. Ndiyo maana nimewapandisha huko: ukiweza pale, chini ni rahisi.

— Fimbo yangu inatetemeka yenyewe.
— Vumbi. Ifungue, safisha na brashi kavu.

— Ya meno inafaa?
— Inafaa, ila usiirudishe bafuni.