Somo: Muswada wa misaada ya nje Marekani, tangu kamatini hadi kuwa sheria

Kila Bunge la Marekani linapojadili misaada naulizwa lile lile: "Si wameshapitisha, mbona fedha hazionekani?" Naandika hapa mara moja.

1. Rais hupeleka maombi ya bajeti. Ni maombi tu, hayalibani Bunge.

2. Muswada husomwa, hupewa namba, huenda kamatini.

3. Hapa ndipo wengi hupotea, someni taratibu. Miswada ni ya aina mbili. Mmoja huidhinisha mpango: uwepo, kwa masharti gani, usizidi kiasi gani. Huo hupitia Kamati ya Mambo ya Nje ya Baraza la Wawakilishi na Kamati ya Uhusiano wa Nje ya Seneti. Mwingine hutenga fedha zenyewe, nao hupitia kamati za matumizi. Idhini peke yake haitoi hata senti. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI nje ya nchi, iliidhinishiwa dola bilioni 15 kwa miaka 5 mwaka 2003, lakini fedha zilibidi zitengwe mwaka hadi mwaka. Tahadhari nyingine: sheria mama ya misaada ni ya 1961, na idhini ya jumla haijapitishwa tangu 1985. Ukifuatilia kamati za mambo ya nje peke yake, fedha zitapita usizione.

4. Baraza la Wawakilishi: Kamati ya Kanuni hupanga mjadala, kisha kura.

5. Seneti: kwa kawaida kura 60 kati ya 100 zinahitajika kufunga mjadala. Miswada mingi hukwama hapa, hata yenye wingi wa kutosha kupita.

6. Mabaraza yote mawili yapitishe maandishi yale yale, neno kwa neno.

7. Rais ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akitumia kura ya turufu, theluthi mbili ya kila baraza inaweza kuitengua.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa kifupi inachukua siku ngapi?
Jibu: Hakuna idadi. Fedha za Ukraine, Israel na Taiwan ziliombwa Oktoba 2023, zikasainiwa 24 Aprili 2024, siku moja tu baada ya kura ya Seneti.

Swali: Kamati ya mambo ya nje imepitisha. Fedha zinatoka lini?
Jibu: Hatua ya 3. Isome yote.

Swali: Mwaka wao wa fedha huanza 1 Oktoba. Wasipomaliza je?
Jibu: Swali zuri, dada. Hupitisha muswada wa muda wa kuendeleza matumizi, mara nyingi kwa viwango vya mwaka uliopita, na miradi mipya kwa kawaida husubiri. Wakishindwa hata huo, shughuli nyingi za serikali husimama.

Swali: Rais akishasaini, fedha haziguswi tena?
Jibu: Zinaguswa, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza. Sheria ya 1974 inamruhusu kuliomba Bunge lizifute, na kwenye Seneti ombi hilo halihitaji zile kura 60. Julai 2025 Bunge lilifuta takriban dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Dola milioni 400 za PEPFAR ziliokolewa kwa sababu maseneta walizitoa kwenye muswada kabla ya kura. Kwa anayetegemea dawa za UKIMWI za mpango huo, kura ya kufuta fedha ndiyo ya kufuatilia.

Swali: Tunafuatiliaje wenyewe?
Jibu: Ingiza namba ya muswada kwenye congress.gov, tovuti ya Bunge lao, usome orodha ya hatua zake. Kisha tafuta ripoti ya kamati ya matumizi inayoambatana nao. Migao ya nchi na miradi mara nyingi imo humo, siyo kwenye muswada.