Kuhamia nyumba yenye uwanja Mombasa, ukiwa na paka

Mtu akipata nyumba yenye uwanja, siku ya kwanza hupanda maua na kumwachia paka mlango wazi "azoee". Yote mawili ni haraka isiyo na baraka. Paka ahitaji wiki tatu ndani kabla hajatoka, na wiki hizo hizo ndizo za kushughulikia udongo na maji. Mlango ukija kufunguliwa, paka keshajua pa kurudi, na huko nje hakuna tuta tupu la udongo laini la kumwita ajisaidie.

Kama tarehe iko mikononi mwako, hama mwanzoni mwa Machi. Joto ni kali, lakini wiki tatu zikiisha masika iko karibu, na mche wa Aprili hunyweshwa na mvua badala ya mfuko wako. Ukikosa Machi, lenga Septemba ili upande na vuli.

Safari

Gunia hapana. Hewa ni haba na joto la Pwani humzidi paka upesi. Kama huna kikapu cha paka, tumia tenga la kuku: lina hewa kila upande na hufungwa kwa kamba. Funga kifuniko pande zote mbili, maana ule usiofungwa ndio atakaousukuma kwa kichwa. Tandika kanga kuukuu isiyofuliwa, yenye harufu ya nyumbani. Kila paka na tenga lake, hata wakiwa ndugu wanaolala pamoja, wakishtuka huparuana.

Usimlishe saa tatu au nne kabla ya kuondoka, asitapike. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, tenga likiwa kwenye gari au tuktuk ulimo wewe, si nyuma ya pikapu juu ya magodoro. Wa kuvuka feri ya Likoni afunike tenga kwa kitambaa chepesi, asione ule msukumano wa watu. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, joto limemzidi: mtoe juani, mloweshe masikio na nyayo kwa maji ya kawaida (ya barafu hapana), kisha mtafute daktari wa mifugo.

Chumba kimoja

Kabla hajafika, kagua nyuma ya friji, chini ya sinki na darini. Wapangaji huondoka wakaacha sumu ya panya, vipande vya rangi ya waridi, buluu au kijani. Kisha tazama madirisha. Vyuma vya dirisha havimzuii paka. Kichwa kikipita, mwili nao hupita. Wavu wa mbu huchanwa usiku mmoja. Kinachoshika ni waya wa matundu ya nusu inchi, uliofungwa kwa waya mwembamba wa kufungia nondo.

Chagua chumba kidogo kisichopitwa na mafundi. Weka chakula kona moja na choo kona ya mbali. Paka hali karibu na anapojisaidia. Choo ni beseni pana lenye mchanga wa mto, kina cha vidole vinne. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo haukauki na hunuka. Vumbi la mbao la seremala lafaa, mradi mbao hazikupakwa dawa ya mchwa. Idadi ya mabeseni ni idadi ya paka na moja zaidi: paka wawili, mabeseni matatu. Zoa kila siku. Vimelea vya toksoplasma, vitokavyo na kinyesi cha paka na vyenye hatari kwa mimba, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza, na mwenye kuzoa kila siku huviwahi. Hata hivyo, mama mjamzito amwachie mwingine kazi hii.

Atajificha chini ya kitanda siku mbili tatu. Usimvute. Msugue mashavu kwa kitambaa laini pale atakapokubali kuguswa, kisha pitisha kitambaa hicho kwenye miimo ya milango, kimo cha kichwa chake. Nyumba itaanza kunuka kama yake. Chakula kiwe kile alichozoea, na kama ni ng'onda, loweka umwage maji ya chumvi kwanza. Akianza kula vizuri na kulala mahali pa wazi, mfungulie chumba cha pili.

Mambo mawili hayangojwi. Asiyekula kabisa siku mbili apelekwe kwa daktari, kwani ini huharibika. Dume anayechuchumaa kwenye beseni akajikaza bila mkojo kutoka, siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na usimpe Panadol, hata kipande, wala usimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini. Zote humwua.

Huku nje

Anza kwa kuonja maji ya kisima. Yakiwa na chumvi, utaiona baadaye kwenye majani: ncha na kingo zinaungua rangi ya kahawia ilhali udongo una maji. Mnazi huvumilia, mchicha huvumilia kiasi, lakini mndimu na maharagwe hayawezi. Hayo yape maji matamu ya mitungi au ya mvua. Kwa vilivyobaki, mwagilia kwa wingi mara chache. Maji kidogo kila jioni hukauka juu juu yakaacha chumvi penye mizizi.

Kisha piga mtaimbo sehemu tano sita. Ukigonga jiwe la matumbawe kabla ya sentimita 30, usishindane nalo. Jenga tuta la kuinuliwa, kimo cha sentimita 30 hivi, na ujaze kwa vipimo hivi: ndoo mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi ya mbuzi iliyooza, nusu ya makumbi yaliyochambuliwa. Makumbi mengi huku hufukiwa ufukweni ili yasokotwe kamba, kwa hiyo yaloweke kwenye maji matamu na ubadilishe maji mara tatu, la sivyo umejitilia chumvi mwenyewe. Mti wa matunda uchimbie shimo la sentimita 60 kila upande.

Mndimu ukipata majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, watu hukimbilia kumwaga majivu. Hapo ndipo wanapouzidishia ugonjwa. Udongo wa matumbawe umejaa chokaa, chokaa huufungia mti madini ya chuma, na majivu hufanya kazi ile ile ya chokaa. Ongeza samadi iliyooza na matandazo ya majani, na unyunyizie majani dawa ya madini ya chuma kutoka duka la pembejeo.

Tuta likishajaa, usiliache wazi hata usiku mmoja, kwani paka wa jirani hawakufungiwa. Laza waya wa kuku juu ya udongo, kata tundu la kila mche, tandaza majani juu yake. Paka akikwangua akagusa waya, huhama. Lakini ahamie wapi? Mtengee kona yake: mita moja kwa mita moja ya mchanga laini, mbali na mboga, ukichanganya kidogo mchanga wa beseni lake aitambue. Wenye kusahau kona hii ndio wanaolalamika kila siku.

Ng'oa mnyonyo, oleanda na mtapo, zote ni sumu kwa paka. Mbegu za mtapo ndizo mbaya zaidi. Mayungiyungi (lily) ya vyungu vya maua yasiingie kabisa, kwani hata chavua anayoilamba manyoyani huua figo. Asumini na rihani hazina neno. Konokono wakubwa watatoka mvua ikianza. Waokote usiku kwa tochi, uwatie kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Vidonge vya kuwaulia vina metaldehaidi, sumu kwa paka pia.

Kumtoa

Awe amehasiwa, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe tayari (hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu). Mtoe asubuhi kabla hajala, mlango ukiwa wazi nyuma yake, dakika kumi na tano tu, kisha gonga sahani. Njaa itamrudisha. Ongeza dakika kila siku, na magharibi awe ndani, kwa sababu madume ya mtaa huanza vita giza likiingia. Mwenye watoto wa paka asiwaache uwanjani peke yao, hata mchana: kunguru wa Mombasa wanajulikana, na wakimaliza kung'oa miche hawaoni haya kumdonoa kitoto macho.