Jinsi ya Kuomba Takwimu za Uchumi wa Kaunti Yako na Kupima Kama Kweli Umeinuka

Kila serikali ya kaunti nchini Kenya hupenda kutangaza kwamba uchumi wake umeinuka baada ya msukosuko, uwe ni korona, ukame au mafuriko. Raia hana haja ya kuukubali au kuukataa usemi huo kwa hisia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016, inaeleza njia ya kuzidai. Maombi mengi hukwama kwa sababu yameandikwa bila mwombaji kujua takwimu gani zinapima kuinuka kwa uchumi, ziko ofisi gani, na zinatakiwa za kuanzia lini. Basi tuanzie hapo, kabla ya kugusa barua.

Chagua mwaka wa msingi kwanza

Kuinuka hupimwa kwa kulinganisha na hali ya kabla ya kuanguka. Ukiomba takwimu za mwaka jana na mwaka huu pekee, utapewa asilimia ya ukuaji isiyokuambia lolote. Angalia yaliyotokea kitaifa. Kati ya Aprili na Juni 2020, katikati ya kafyu na vizuizi vya usafiri, uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 4.7. Robo hiyohiyo ya 2021 ukaripotiwa kukua kwa asilimia 10.1, na vichwa vya habari vikashangilia. Fanya hesabu: ukianza na 100 ukaondoa asilimia 4.7 unabaki na 95.3, ongeza asilimia 10.1 unafika karibu 105. Huo ni ukuaji wa takriban asilimia 5 kwa miaka miwili, ilhali kabla ya korona uchumi ulikuwa ukiongezeka kwa kiasi hicho kila mwaka. Kwa mwendo wa zamani ungekuwa umefika kama 110. Pengo hilo la pointi tano haliwezi kuonekana kwa mtu asiye na takwimu za 2019.

Kwa hiyo ombi lako lianze angalau miaka miwili ya fedha kabla ya msukosuko. Mwaka wa fedha huanza Julai na kuishia Juni. Kwa korona, omba kuanzia Julai 2017 au Julai 2018. Kwa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, Julai 2021 itatosha, ila kwa kaunti za wafugaji kumbuka kwamba miaka hiyo ilikumbwa na ukame mkali, na mwaka mbovu haufai kuwa msingi. Rudi nyuma zaidi.

Takwimu za kuomba, na mahali zilipo

Pato la Kaunti, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa katika kaunti, hutolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Toleo la kwanza lilitoka 2019 na lilihusu miaka ya 2013 hadi 2017. Ndicho kipimo kipana kuliko vyote, lakini ni cha mwaka mzima na huchelewa kutoka. Huhitaji kupeleka ombi la kisheria kwa ajili yake. Kipakue bure kwenye tovuti ya KNBS. Ripoti ya kila mwaka ya hali ya uchumi nayo iko hapohapo.

Kwa mwendo wa mwezi hadi mwezi, takwimu yenye faida kubwa ni mapato ya ndani ya kaunti: leseni za biashara, ushuru wa mazao, ada za masoko, maegesho, kodi za ardhi, ada za kuidhinisha ramani za majengo. Jumla yake huchapishwa, lakini jumla huficha mengi. Ada za soko hupanda na kushuka pamoja na pesa iliyo mfukoni mwa watu, ilhali kodi ya ardhi inaweza kupanda kwa sababu tu kaunti ilisamehe riba kwa waliochelewa kulipa. Omba kila chanzo peke yake, kwa kila mwezi, na ikiwezekana kwa kila kaunti ndogo.

Ongeza idadi ya leseni za biashara zilizotolewa, zikiwemo zilizohuishwa na zile mpya katika safu mbili tofauti, na idadi ya ramani za majengo zilizoidhinishwa. Kisha omba bili ambazo kaunti haijawalipa wakandarasi na wauzaji, zikipangwa kwa umri wake. Bili hizi zina uzito wa pekee. Mkandarasi asiyelipwa naye halipi vibarua wala duka la vifaa, na mahali ambapo kaunti ndiye mnunuzi mkubwa, soko zima hukauka.

Kwa kaunti za Pwani utataka pia idadi ya usiku ambao wageni wamelala hotelini. KNBS huzitoa kwa kanda ya ufuo, hivyo Mombasa, Kwale na Kilifi zimo katika kapu moja. Umeme vilevile: Kenya Power hugawa mauzo yake kwa kanda zake kubwa, ambazo hazifuati mipaka ya kaunti. Kwa kuwa serikali inamiliki asilimia 50.1 ya hisa zake, unaweza kuielekezea ombi la kupata mauzo ya eneo dogo zaidi.

Ajira ndiyo inayowauma watu zaidi, na ndiyo yenye takwimu dhaifu zaidi katika ngazi ya kaunti. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wako katika sekta isiyo rasmi, ambayo haionekani kwenye orodha za mishahara. Usimwombe afisa wa kaunti kiwango cha ukosefu wa ajira cha wadi yako, hana.

Tafuta kilichokwisha kuchapishwa

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 166, inaitaka hazina ya kaunti ipeleke ripoti ya robo mwaka kwa Bunge la Kaunti katika muda wa mwezi mmoja baada ya robo kuisha, na kuichapisha. Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget) naye hutoa ripoti ya kaunti zote 47 ikionyesha mapato, matumizi ya maendeleo na bili zisizolipwa. Zisome kabla ya kuandika. Ukiomba kitu kilichoko tayari kwenye tovuti utajibiwa kwa kiungo tu, na wiki tatu zako zimepotea. Tena ripoti hizi zitakupa majina halisi ya vyanzo vya mapato jinsi kaunti inavyoviita, na ukiyatumia majina hayohayo afisa hatasema hajaelewa.

Kuandika ombi

Haki hii ni ya raia. Kampuni au kikundi kinachodhibitiwa na Wakenya nacho kinahesabiwa kuwa raia chini ya sheria hii. Mkenya aliye ughaibuni anaweza kuomba kwa baruapepe. Lugha ni Kiswahili au Kiingereza, hiari yako. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, ana haki ya kusikilizwa na afisa, ombi likaandikwa na akapewa nakala.

Barua ielekezwe kwa Katibu wa Kaunti kama afisa wa upatikanaji wa habari, nakala kwa Afisa Mkuu wa Fedha. Mkuu wa taasisi ndiye afisa huyo kisheria hata kama hajamteua mtu mwingine, kwa hiyo jibu la “hatuna afisa wa habari” halina mashiko. Taasisi ikiwa na fomu yake, ijaze. Lakini ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu hukutumia fomu. Weka jina, namba ya kitambulisho, simu na anwani. Kiini kiandikwe hivi:

“Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba: (1) mapato ya ndani ya kaunti kwa kila chanzo na kwa kila mwezi, kuanzia Julai 2018 hadi Juni 2024, (2) idadi ya leseni za biashara zilizotolewa kila mwezi katika kipindi hicho, mpya na zilizohuishwa zikitenganishwa, (3) orodha ya bili zisizolipwa kufikia tarehe 30 Juni ya kila mwaka, ikionyesha kiasi, idara na tarehe ya ankara. Naomba habari hizi katika faili la Excel au CSV.”

Huo mstari wa mwisho, unaoomba jedwali la kompyuta badala ya karatasi, usiusahau. Bila huo, utaletewa karatasi 200 zilizopigwa picha, nawe utakaa wiki nzima ukinakili tarakimu. Pia usiandike sababu ya kuomba kama hutaki: haki yako haitegemei sababu.

Makosa mawili huua maombi mengi. La kwanza ni upana: “takwimu zote za uchumi wa kaunti” haimwambii afisa afungue kabati lipi. La pili ni kuuliza maoni, kwa mfano “kwa nini biashara zimedorora?” Sheria inakupa habari ambazo ofisi inazo, haiilazimishi ofisi ikufanyie uchambuzi.

Kuwasilisha na kuhesabu siku

Ukipeleka kwa mkono, chukua nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa baruapepe, omba jibu la kupokea na uhifadhi ujumbe wenyewe. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili, na faili la kompyuta halina gharama hiyo.

Afisa ana siku 21 tangu kupokea ombi. Anaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, ikiwa habari ni nyingi au inabidi ashauriane na wengine. Ikiwa habari iko kwa taasisi nyingine, ana siku 5 za kulihamishia huko. Siku 21 zikipita kimya, sheria inachukulia kwamba ombi limekataliwa. Kimya hicho ndicho kinachokufungulia mlango wa rufaa, kwa hiyo andika tarehe hiyo kwenye kalenda siku ileile unapopokea muhuri.

Ukinyimwa

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kina orodha ya sababu za kunyimwa habari: usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za kibiashara na nyinginezo. Kwa takwimu za uchumi, jiandae kukutana na kile kipengele kinachozuia habari zitakazodhuru vikali uwezo wa serikali wa kusimamia uchumi wa Kenya. Jibu lake liko tayari: mapato ya robo mwaka sheria yenyewe imeamuru yachapishwe, hivyo hayawezi kuwa siri. Kwa orodha ya bili, afisa akitaja faragha, kubali majina ya watu binafsi yafichwe na usisitize kiasi, idara na tarehe. Hivyo vitatu ndivyo unavyovihitaji kwa kupima uchumi.

Asipokubali, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki za Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman, ipitie uamuzi. Ambatanisha ombi lenye muhuri, jibu ulilopewa au maelezo kwamba hukujibiwa, na barua fupi ya hoja zako. Huduma hiyo haina malipo. Asiyeridhika na amri ya Tume anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu katika siku 21.

Kuzisoma takwimu zikifika

Jambo la kwanza, jumlisha miezi mitatu ya robo moja na uilinganishe na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti. Tofauti ndogo ni kawaida. Ikiwa kubwa, andika tena ukiuliza ni vyanzo gani vimeachwa nje.

Usilinganishe robo na ile iliyoitangulia. Leseni za biashara hulipwa zaidi kati ya Januari na Machi, kwa hiyo mapato ya kipindi hicho hupaa kila mwaka bila uchumi kubadilika. Utalii wa Pwani hupanda Agosti na Desemba na kushuka mvua za Aprili na Mei. Linganisha Januari–Machi na Januari–Machi.

Ondoa kupanda kwa bei. Mfumuko wa bei wa mwaka 2023 ulikuwa wastani wa asilimia 7.7. Chukua mfano wa kaunti iliyokusanya shilingi milioni 400 mwaka 2022 na milioni 430 mwaka 2023: gawanya 430 kwa 1.077 upate milioni 399. Hakuna ongezeko lolote. Fahirisi ya bei, yaani kipimo cha kupanda kwa bei, hutolewa na KNBS mwishoni mwa kila mwezi, na ya kitaifa inatosha kwa hesabu hii.

Tazama pia mahali ambapo kipimo chenyewe kimebadilika. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, pesa zinazokusanywa na hospitali za umma hubaki hospitalini. Kaunti moja inaweza kuziweka katika jumla ya mapato ya ndani, nyingine ikaziweka kando, na kaunti ileile ikabadilisha mtindo kati ya mwaka mmoja na mwingine. Toa ada za hospitali katika miaka yote, kisha hesabu upya. Sheria mpya ya fedha ya kaunti nayo ikipandisha ada ya maegesho, mapato yatapanda hata magari yakipungua, na hapo ndipo idadi ya leseni na ramani za majengo inakuwa shahidi bora kuliko shilingi.

Takwimu za zamani nazo hurekebishwa. Ule mnyweo wa Aprili–Juni 2020 ulitangazwa mwanzoni kuwa asilimia 5.7, ukawa 4.7 baada ya KNBS kuhamisha hadi 2016 mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupima uchumi. Hifadhi kila faili ulilopokea likiwa na tarehe yake, na usiunganishe safu ya toleo moja na ya toleo jingine kabla ya kuhakikisha kwamba zinatumia mwaka mmoja wa msingi.