Alamu ya zamani ya waya usiing'oe

Wadau kama nyumba yako ina alamu ya waya ya kitambo, zile DSC PowerSeries kama PC1616 au PC1832, usikubali fundi akwambie ng'oa yote ununue za waifai, sensa za milango bado zinapiga kazi fresh na waya zishapita ukutani. Tafuta kadi inaitwa Envisalink, ya kuiunganisha alamu na intaneti, inafungwa kwenye pini nne tu za paneli, ile bodi kuu ya alamu pale ndani ya boksi, nyekundu, nyeusi, njano na kijani, alafu unavuta kebo ya intaneti mpaka kwenye ruta. Ila kabla hujagusa kitu zima umeme NA uchomoe ile betri ya volti 12, ukiisahau betri bodi bado ina moto na waya zikigusana unaiunguza. Home Assistant, ile programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, inaielewa hiyo kadi, kila mlango unauona kwenye simu, taa za nje unaziseti ziwake zenyewe mlango wa nyuma ukifunguliwa usiku. Ninachoipendea zaidi, king'ora bado kinaendeshwa na paneli yenyewe, kwa hiyo intaneti ikikatika ulinzi uko palepale. Na paswedi ya kiwandani ya hiyo kadi ibadilishe siku hiyohiyo, tafadhali sana.